Ubao Ukae Kimo Gani

Jina lake halisi watu wamelisahau. Wanamwita Pima Tena, maana ndilo neno la seremala huyu kila anaposhika msumeno. Katika safari zangu nimekutana na mafundi wanaopima kwa jicho, kwa shubiri, hata kwa matusi. Yeye hupima kwa watu.

Nilikuwa mpangaji katika nyumba ambayo viti vya chumba cha kulia chakula vilikuwa vimeuchubua ukuta. Mama mwenye nyumba alitaka ubao upigwe ukutani kuzunguka chumba, migongo ya viti iishie hapo, kisha apake rangi upya.

"Sentimita mia moja, fundi. Niliuona hotelini, ulipendeza."

"Hoteli ina viti virefu, mama. Vyako vinagusa kwenye themanini."

Akapima tena. Ndipo alipoona alama nyingine, kwenye themanini na nane: mstari wa uchafu uliotoka mlango wa chumba cha mama mkwe wa mwenye nyumba hadi mezani.

"Watoto hao," alisema mama mwenye nyumba. "Mikono yao na sabuni havijuani."

Mama mkwe, aliyekuwa akichambua mchele, hakuinua macho. Wiki nzima mwanawe alikuwa akimbembeleza atumie mkongojo, naye akajibu kwamba mikongojo ni ya wazee. Ukuta ukishapakwa rangi mpya, kila alama ya mkono wake ingemfichua.

Fundi akautazama mstari, akamtazama bibi huyo. Akachagua ubao mpana wa sentimita kumi na mbili: sehemu ya chini ipokee viti, ukingo wa juu uishie themanini na nane. Ukingo huo akaupiga msasa hadi ukawa laini, na skrubu akazitia maradufu.

"Skrubu zote hizo, fundi? Unajenga daraja?"

"Viti vyako vina fujo, mama."

Rangi ilipokauka, bibi alitoka chumbani, vidole vikiambaa juu ya ubao, mgongo wima kama mtu anayekwenda kupokea zawadi. Alipomfikia fundi akamnong'oneza:

"Kazi nzuri. Ila umekosea kidogo."

"Wapi, bibi?"

"Umeishia katika chumba hiki. Mimi chooni naenda pia."

Pima Tena akachomoa utepe wake mfukoni, akaelekea ukumbi wa kwenda chooni.

"Mama," aliita, "huku nako naona viti vitafika."