Niliapa Kumzika Kapita

Watu wa Kamina, mji wetu wa reli huku Katanga, waliponiona nikitembea kando ya reli kila asubuhi, mgongo wima na shati safi, walisema baba huyu anaupenda mwili wake. Si kweli. Nilimchukia mtu mmoja tu, na chuki ile ilihitaji mwili mzima wa kuibeba.

Mtu huyo alikuwa kapita wetu, msimamizi wa kikosi cha kutengeneza njia ya reli. Miaka ya ishirini ilikuwa inakaribia mwisho, nami nilikuwa kijana aliyeoa juzi. Asubuhi moja niliamka na homa, meno yanagongana. Nikajikokota hadi zahanati kuomba karatasi ya kupumzika, nikamkuta kapita amenitangulia, amesimama mlangoni na muuguzi.

"Ule haiko mugonjwa," alimwambia. "Iko muvivu. Minyi namujua."

Sikupewa karatasi wala kidonge cha kinini. Saa nne tulikuwa tunabeba reli, wanaume wanane, jua limeshakuwa kali. Miguu ikaniishia nguvu, nikaanguka, na ncha ya reli ikanipiga kiunoni. Nikiwa nimelala pale kwenye kokoto, kapita aliinama akanitazama usoni.

"Weye hautaota mvi," akasema. Kisha akaita mtu mwingine ashike nafasi yangu.

Kiuno kilipona nusu. Maneno hayakupona hata robo. Niliporudi kazini niliwekwa kukaza boliti, chini ya kapita yuleyule, na kila alipopaza sauti kichwa kilinigonga. Usingizi ukanikimbia. Nikaanza kunywa lutuku, ile pombe kali inayopikwa vichochoroni, kwa sababu angalau ilininyamazishia sauti yake.

Jumamosi moja mchana nilipita mbele ya nyumba yake nikiyumba. Alikuwa amekaa nje na wenzake. Mmoja wao alitaka kunishika mkono anisaidie, kapita akamkataza. "Umuache," akasema. "Iko nanisaidia kazi."

Pombe ikanitoka kichwani palepale. Niliona wazi kwamba alikuwa amenihukumu kufa mapema, na mimi mwenyewe nilikuwa naitekeleza hukumu yake, kikombe baada ya kikombe. Nilifika nyumbani nikamwaga chupa mbele ya mke wangu, nikaapa kwamba nitakula chumvi nyingi kumzidi mtu yule. Nitasimama kaburini kwake na mvi zangu, kofia mkononi.

"Hasira itakukula," mke wangu alisema.

"Hapana. Njo itanilisha."

Na ilinilisha kweli. Nilichemsha maji ya kunywa wakati majirani wakinicheka. Nililala ndani ya chandarua hata msimu wa baridi. Nilijifunza kuinua mzigo kwa magoti badala ya kiuno, na mke wangu akawa ananikanda kwa mafuta ya moto ya mawese kila Jumapili baada ya ibada. Kapita alipofoka, nilihesabu boliti polepole mpaka moyo utulie, kwa maana niligundua kwamba kila aliponikasirisha aliniibia siku moja, na sikuwa tayari kumpa hata moja. Bukari, ugali wetu, nilikula kidogo, sombe ya majani ya muhogo nyingi, na samaki wakati walipofika kutoka ziwa Kisale. Alfajiri nilitembea kando ya reli hadi kwenye nguzo ya ishara, nikarudi. Mchungaji alihubiri msamaha, nami nilikaa benchi la nyuma ya kapita makusudi, nikiangalia jinsi shingo yake ilivyokuwa inanenepa mwaka hadi mwaka. Ibada zile zilinifurahisha sana.

Niliota mvi. Unywele mweupe wa kwanza aliuona mke wangu, akataka kuung'oa, nikamshika mkono. Jumapili ile niliingia kanisani nikiwa nimeshavua kofia, nikapita polepole mbele ya benchi lake.

Ilikuwa tayari miaka ya hamsini kapita alipoanguka kwa maradhi. Alikuwa ameshastaafu, miguu imevimba, pumzi inamkata akitoka kitandani hadi mlangoni. Akatuma watu waniite. Nilivaa koti langu la kanisani, nikaenda kama mtu anayekwenda harusini. Mkewe alinipa kiti karibu na kitanda.

"Ndugu yangu," kapita akasema, "bote banasema uko na dawa. Sisi benye umri moja tunakwisha, weye unatembea sawa kijana. Unipatie na minyi."

Nilikuwa nimengojea zaidi ya miaka ishirini na mitano. "Dawa yangu njo weye," nilimwambia. "Ulisema sitaota mvi. Angalia kichwa yangu. Minyi nitakuzika, na siku ile nitakula muzuri."

Nikainuka kitini. Nikatoka nikiwa mwepesi, kiuno hakiumi kabisa.

Wiki mbili baadaye nilimkuta kwenye njia yangu. Alikuwa na fimbo, anahema, amefika nyumba ya tatu tu. Mwezi uliofuata alifika kisimani, na msimu wa mvua ulipokwisha alikuwa anafika kwenye nguzo ya ishara. Kila tulipopishana aliniinulia fimbo na kutabasamu. Sikuitikia. Niliona ni mtu anayeomba radhi, na sikuwa na radhi ya kumpa. Lakini asubuhi ni nyingi. Mwaka wa tano, bila kumwambia mke wangu, nilikuwa nimeanza kuitazamia fimbo ile.

Kisha asubuhi moja hakutokea. Nilimzika kama nilivyoapa, mvi zangu na kofia mkononi. Mjane wake alinijia machozi yakimtoka, akanishika mikono yote miwili.

"Asante, baba," akasema. "Munganga alisema hatamaliza mvua ile. Siku weye ulitoka, akakamata fimbo, akaniambia: ule hatanizika minyi, minyi njo nitamuzika yeye. Akirudi asubuhi alikuwa anacheka, anasema, nimemuona, anaanza kuchoka. Ulitupatia miaka tano."

Nikajitoa mikononi mwake. Njiani mke wangu aliniuliza kama sasa nimeridhika. Nikazidisha mwendo. Ningefunga mdomo wangu siku ile kando ya kitanda, ningemzika mwaka uleule. Na asubuhi yake ya mwisho, aliponiinulia fimbo ile na kutabasamu, mimi mjinga nilimvulia kofia.