Ua Uliosomwa kwa Nyayo

Harufu ya mchaichai uliokanyagwa hunirudisha Nyacheki, kwenye ua wetu uliozungukwa na majani chai na migomba. Sisemi mchaichai wa kwenye birika. Nasema ule wa chini ya mguu, umande ukiwa bado haujakauka, unaokuingia puani hadi usingizi ukukimbie wenyewe. Mama aliupanda nilipokuwa darasa la nne, mwaka ambao babu, baba yake baba, alipofuka macho.

Babu alikuwa mkaidi, jamani! Alikataa fimbo, alikataa kushikwa mkono, akasema ua alioufyeka mwenyewe ungali kichaka hauwezi kumpoteza. Ukampoteza. Asubuhi moja, akitafuta njia ya chooni, alipita mlango usio wake na kujikuta sebuleni kwetu, mama akijifunga leso baada ya kuoga. Kwingine watu wangecheka yakaisha. Kwetu Wakisii, baba mkwe haingii nyumba ya mkaza mwanawe hata mvua ya mawe inyeshe, wala mkaza mwana hamshiki mkono. Heshima hiyo tunaiita chinsoni. Babu alirudi kwake akipapasa ukuta, akajifungia. Siku ya kwanza, ya pili, ya tano. Uji nilimpelekea mimi, na mimi nikaurudisha umeshika utando. Sabato ikapita bila yeye kwenda kanisani. Niliogopa kwamba angefia mle ndani kwa aibu, nikalia bila kujificha.

Mama hakuwa mtu wa kulia. Jumapili alinituma mtoni na karai. Kokoto nilizoleta alizimwaga mbele ya mlango wetu, upana wa hatua mbili, ili mguu uumie kidogo na ujue hapa si pake. Kutoka mlango wa babu hadi kigoda chake cha juani alipanga vipande bapa vya mawe ya sabuni, alivyoomba kwa wachonga vinyago wa Tabaka. Mvua ya jioni ikanyesha, nikateleza juu yake nikaanguka kifudifudi. Mama akaving'oa vyote, akavikwaruza kwa panga, akavirudisha. Njia ya chooni aliipanda mchaichai pande zote mbili, na katikati akatandaza majani makavu ya mgomba yaliyochakacha kila yakikanyagwa. Majirani waliuliza kama sasa tunafungua hoteli.

Kazi ilipokwisha alisimama mbali, akaniambia kwa sauti ya kufika mlangoni mwa babu: "Mwambie babu avue viatu, ua umefagiliwa."

Mlango ukafunguka. Nilitaka kumkimbilia babu, lakini mama alinitolea macho, nikabaki pale pale. Babu akavua akala zake. Mguu ukagusa jiwe, ukasita, ukatafuta la pili. Alifika kigodani, akarudi, akafuata harufu hadi chooni, akarudi tena. Kisha akaelekea kwetu. Kidole gumba kilipogusa kokoto alisimama. Akageuka bila kupapasa chochote, akaenda kuketi juani.

"Mwambie mama yako," akasema, "nina njaa."

Penye nia pana njia, walimu walitufundisha. Mimi njia hiyo niliiona ikipangwa jiwe kwa jiwe, na namshukuru mama hadi leo, kwa sababu babu aliishi miaka sita zaidi akitembea ua wake kama mwenye mji. Siku hizi ua ule ni simenti tupu. Ndugu yangu aliimwaga kwa nia njema, na kweli tope limekwisha, lakini mguu ukipita hapo hauambiwi lolote. Na macho ya mama nayo yameanza kuingia ukungu. Mwezi uliopita nilimshika mkono kumpeleka juani, mimi binti yake nisiyezuiwa na mwiko wowote. Alinifuata hatua chache, kisha akauondoa mkono wangu polepole.

"Asante, mwanangu," akasema. "Sasa chukua karai, nenda mtoni."