Daruma wa Kinue Ana Macho Mawili

Saa moja asubuhi, mvuke umeshafunika madirisha ya chumba cha kufulia katika hoteli moja ya maji moto huko Gunma, Japani. Kinue Hoshikawa (58) anaingiza shuka kwenye mashine ya pasi kwa mkono wa kulia. Wa kushoto unasaidia ukitaka.

Ni siku ya kwanza ya kazi katika mwaka mpya. Msimamizi, Otaguro, anapiga makofi. Wafanyakazi wanajipanga, kila mmoja na daruma wake, yule mwanasesere mwekundu wa mviringo. Unataja lengo mbele ya wenzako, unamchora jicho moja. La pili linasubiri hadi utimize.

Mwaka jana Kinue aliahidi kuwa mwepesi kuliko wote. Alikimbizana na mashuka hadi Agosti, msuli wa bega la kushoto ukachanika. Desemba, kama ilivyo desturi mwaka ukiisha, alimpeleka daruma wake hekaluni kuchomwa, mwanasesere akiwa bado chongo.

"Nililia njia nzima," anasema. "Si kwa ajili ya bega. Nilimwonea aibu mwanasesere! Umewahi kusikia ujinga kama huo?"

Zamu yake inafika.

"Mwaka huu, bega likiuma, nitakaa."

Watu wanacheka.

"Mama Kinue, hilo ni lengo au likizo?" Otaguro anauliza. "Wenzako wameahidi kuongeza kasi. Asiyeahidi nitamtoa kwenye mashine."

Kinue anachovya brashi, anachora jicho la kwanza. Kisha la pili.

"Ah! Huo ni udanganyifu!" Otaguro anasema.

"Udanganyifu uko wapi, bosi? Bega linauma." Anavuta kreti tupu ya sabuni na kuketi. "Na nimekaa."

Sayo, anayefanya naye kazi kwenye mashine moja, anaangua kicheko. "Sogea kidogo, dada. Mgongo wangu nao una lengo."

Otaguro anawatazama wawili hao juu ya kreti moja. "Tutaongea mwisho wa mwezi," anasema.

"Aongee," Kinue anasema baadaye, akirudi kwenye mashine yake. "Miaka kumi na tisa niko hapa. Siombi ruhusa ya kuumwa."

Kufikia majira ya kuchipua, anatamani mkono wa kushoto uinuke vya kutosha ili afunge nywele zake mwenyewe utosini.

Na usipoinuka?

"Nitazifunga chini kidogo. Nani kasema lazima ziwe juu?"