Osmund na Mayai ya Shangazi Kunegunda

Osmund alisomea kompyuta Iringa, akarudi Songea na kufungua kibanda cha kutengeneza simu na redio pale Msamala. Kazi aliyoipenda hasa ilikuwa nyingine: kuunda mashine za kutotolesha vifaranga, zinazoongozwa na kikompyuta kinachoenea kiganjani.

Ya kwanza aliipeleka Matogoro kwa shangazi yake, Kunegunda. Shangazi alikuwa na kuku wa rangi ya majivu, shingo tupu, mbegu aliyoachiwa na marehemu mama yake. Mtaani hakuna mwingine aliyekuwa nao.

"Kutaga wanataga, ila kuatamia hawataki," alisema. "Mashine yako itaweza?"

"Itaweza, shangazi. Wewe lete mayai."

Katika kikompyuta kile, hita na feni huwashwa na kuzimwa kwa kuandika namba mahali maalumu kwenye kumbukumbu ya kifaa. Programu ya kawaida hairuhusiwi kufika hapo. Inatakiwa iombe, na anayeandika kwa niaba yake ni draiva, inayoishi ndani kabisa ya mfumo na kuhakikisha maombi mawili hayagongani. Osmund aliyajua hayo. Lakini kuandika draiva ni kazi ngumu. Ukikosea, kompyuta nzima inaganda. Akaipa programu yake mamlaka yote ya mfumo, ikawa inaandika yenyewe moja kwa moja.

Noela, aliyesoma naye, alimwonya kwenye simu. "Ukiwa na programu moja utapona. Siku ukiongeza ya pili, zitavurugana."

"Draiva nitaandika baadaye. Kwa sasa inafanya kazi."

Na kweli ilifanya. Mayai yakiwa ndani, ugonjwa wa mdondo ukaingia Matogoro. Kuku wa shangazi wakafa wote, hadi jogoo. Ikawa kila mara anakwenda kuchungulia kwenye kioo cha mashine.

"Sasa nimebaki na haya tu," alimwambia Osmund.

Kwa kutaka kumsaidia, Osmund akaongeza programu ya pili, ya kuendesha feni ili joto lienee sawasawa. Feni na hita zilitumia namba moja kwenye kumbukumbu, hivyo kila aliyeandika ya feni aliandika na ya hita. Asubuhi moja programu ya feni iliisoma namba hiyo hita ikiwa inawaka. Kabla haijaandika, programu ya hita ikaizima hita. Ya feni ikarudisha namba ya zamani, hita ikawaka tena. Programu ya hita ilishajihesabia kuwa imezima, haikugusa tena.

Shangazi alikuwa kanisani. Aliporudi, mashine ilikuwa na joto la kuunguza mkono.

Osmund alikuja mbio. Akavunja yai moja, akakuta kifaranga kilichokwisha kuota manyoya, kimekufa. La pili vilevile.

Shangazi akamshika mkono. "Acha, baba. Usivunje mengine."

Hakumgombeza, siku hiyo wala baadaye. Osmund alitamani agombezwe.

Draiva aliiandika. Haikumchosha kama alivyodhani, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Mashine zake sasa ziko Lizaboni na hata Tunduru, hazijaunguza yai. Alizunguka vijijini akitafuta kuku wa mbegu ile, akaambulia wawili wanaofanana nao kidogo, akampelekea shangazi.

Shangazi aliwatazama, akashukuru, akawamwagia pumba. "Wazuri," alisema. "Ila siyo wale."

Anawafuga hadi leo. Osmund akienda kumsalimia, hupita mbali na banda la kuku.