Fundi Likwata na Manifodi Iliyong'aa

Zamani fundi akimhitimisha mwanafunzi wake alivikwa kilemba cha shukrani mbele ya watu, na siku hizi mwanafunzi huondoka na spana za fundi wake mfukoni na matusi mdomoni.

Naandika habari za Likwata wa Milola kwa sababu vijana wa Lindi wakiulizwa juu ya mafundi wa zamani huwataja wale waliokuwa na vibao milangoni. Likwata hakuwa na kibao. Alikuwa na banda la makuti pale Ndoro, mjini Lindi, tupa tano, na mikono miwili. Alikuwa Mmwera mfupi, mnene wa mabega, mwenye sauti ndogo kuliko mwili wake. Alikwenda vita vya Burma akiwa dereva, akarudi mwaka 1946 akiwa fundi. Nilimwuliza nani alimfundisha. Akasema, "Kule lori likifa porini hakuna wa kumwita. Unajiita mwenyewe."

Mimi nilikuwa karani wa kupima kopra kwenye ghala moja karibu na bandari. Shule niliishia darasa la nne. Kiingereza nilijifunza kwa kamusi na magazeti yaliyofungiwa sukari. Likwata alikuwa na kitabu kimoja cha injini, cha jeshi, nusu kimeliwa na mchwa, na kila Ijumaa baada ya sala nilikwenda bandani kumsomea. Mimi nilijua maneno bila kukijua chuma. Yeye alikijua chuma bila maneno. Tulivuka hivyo.

Mpango wa Waingereza wa kulima karanga ulipokufa kule Nachingwea, malori mengi yaliyochoka yaliuzwa, na wafanyabiashara wa pwani nzima wakayanunua. Tambarare yalikwenda. Lakini njia ya Kipatimu, kule upande wa Kilwa, ina mlima, na kila lori lilipofika chini yake dereva alisema neno moja: shukeni. Abiria wakapanda kwa miguu, wazee na wajawazito, na utingo nyuma yao amebeba gogo la kuzuia gurudumu.

Likwata alisema injini ni kama mtu anayepanda mlima: kabla ya kulaumu miguu, itazame pua yake. Pua yenyewe ni manifodi, bomba la chuma lenye matawi, linalopokea hewa na petroli kutoka kwenye kabureta na kuzigawia silinda. Aliifungua, akanishika kidole, akakiingiza ndani. "Sikia hapo," akasema. Nilisikia ukingo, kama kizingiti cha mlango. Tundu la manifodi na tundu la injini hayakukutana sawasawa, na gasketi katikati yao ilikuwa imechungulia ndani. Hewa ilikuwa inajikwaa mlangoni.

Basi alipaka masizi usoni mwa chuma, akakandamiza karatasi, akapata sura ya kila tundu, akalinganisha. Kizingiti akakila kwa tupa. Kwenye pembe ambako tupa haifiki alipitisha kamba ya makumbi iliyopakwa mafuta na mchanga, akaivuta huku na huku tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Mwisho alisugua kwa ngozi ya samaki taa, ile yenye ukwaru waliyoitumia maseremala wa vyombo. Manifodi moja ilimchukua siku tatu. Lori likitoka hapo lilipanda Kipatimu na watu wake juu, wamekaa.

Mwaka 1951 akaja Ismaili. Alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini, dereva wa tajiri mmoja wa Kilwa Kivinje, mzuri wa sura na mwepesi wa kuchekesha watu. Alileta ufito wa kuingia ufundini kama desturi ilivyotaka, kitambaa na sinia la halua, mbele yangu na mbele ya Mwahija, mke wa Likwata. Makubaliano yalikuwa miaka mitatu. Siku ya kuhitimu ataleta kilemba, na Likwata atampa neno la mwisho. Ndivyo walivyofanya wahunzi, washonaji, waunda majahazi: neno la mwisho la ufundi hubaki kinywani mwa mwalimu mpaka kilemba kifike kichwani. Halikuwa choyo. Mtu anayejua kushukuru ndiye anayekabidhiwa kitu kikali.

Ismaili alikula chungu cha Mwahija miaka mitatu kasoro miezi miwili. Alipougua homa, Mwahija alimlisha uji kwa kijiko. Kisha siku moja hakuja. Tukasikia yuko Kivinje, ana karakana, ana kibao, na tajiri wake amemkabidhi lori.

Likwata alisema tu, "Labda amepata udhuru." Akangoja. Alingoja mwaka mzima, na alipopita mtu wa Kivinje alimwuliza hali ya Ismaili kama mzazi anavyouliza.

Mwaka 1955 tulialikwa harusi Mchinga. Tumekaa kwenye mkeka, sinia la pilau katikati, na Ismaili yuko mkeka wa pili, ametupa mgongo. Hakutuona, au alituona. Mzee mmoja wa Mchinga akamwuliza, "Wewe si ndiye mwanafunzi wa Likwata wa Lindi?"

"Likwata yupi? Yule wa Ndoro?" Ismaili akacheka. "Yule alikuwa akinijazia matairi upepo, mzee wangu. Ufundi huu nimeusoma kwenye kitabu cha Kiingereza."

"Kumbe unasoma Kiingereza?"

"Kidogo cha kunitosha."

Watu wakacheka kwa kupendezwa naye. Mtu wa pembeni yetu akamwambia Likwata, "Kula, fundi, pilau linapoa." Likwata alikuwa ameshanawa. Alimega tonge, akalirudisha siniani, akanyanyuka.

Tulitembea mpaka tukapita mikoko. Ndipo akauliza, "Amesema kitabu?"

"Amesema kitabu."

"Basi kitabu kimjibu."

Hapo, njiani, akanipa mimi neno la mwisho, mimi nisiyejua kushika spana. Akasema: toa kizingiti, lakini usipanue tundu, na usilitie mng'aro. Hewa ikipewa uwanja hutembea. Ikipewa mlango wa kiasi hukimbia. Na petroli inataka ukuta wenye ukwaru kidogo ili ipasuke ichanganyike na hewa. Ukuta ukiwa kioo, petroli huteleza, hujikusanya chini kama mate ya mlevi. Tambarare mwenye lori hataona kosa. Ataliona mlimani, mwendo ukipungua.

Nikamwambia, "Na watu watakaokuwa juu?"

"Lori haliruki, karani. Linachoka. Utingo ana gogo lake." Kisha akasema, "Atakuja kwako. Kwangu hawezi, na kitabu hawezi."

Alikuja baada ya miezi minne. Misheni ya Kipatimu ilikuwa inatafuta lori la kudumu la kupandisha saruji na mabati, na Ismaili alikuwa ameahidi sokoni, watu wakimsikia, kwamba atapanda mlima ule na shehena kamili na abiria thelathini juu yake. Alinikuta ghalani nikipima. Akaketi juu ya gunia kama mtu wa nyumbani.

"Karani, umenenepa. Kopra unaipima au unaila?"

"Sema shida yako."

"Kile kitabu chenu. Ule ukurasa wa manifodi. Hasa mwishoni, kinasemaje?"

"Wewe si umekisoma?"

Akacheka, akatazama mlangoni. "Nikumbushe."

Nilichukua muda wangu. Nilimaliza kupima gunia, nikaandika, nikaweka kalamu. Nikamwambia kitabu kinasema tundu lipanuliwe kadiri chuma kinavyostahimili, kisha lisuguliwe mpaka mtu aone meno yake ndani.

"Mbona Likwata hapanui?"

"Likwata anajua kusoma?"

Neno hilo lilimwingia kama maji ya dafu. Akanipiga bega, akaondoka anapiga mluzi. Sikusikia dhambi. Nilikumbuka uji wa Mwahija.

Siku ya ahadi, Likwata na mimi tulikuwa tumeshatangulia. Tuliketi ukingoni mwa kona ya pili ya mlima, pamoja na wanawake wa Kimatumbi waliobeba mihogo. Tulilisikia lori tangu tambarare. Nakiri lilikuwa linalia vizuri, tena kwa mbio. Likwata aliinamisha kichwa akasikiliza kama mtu anayesikiliza Kurani ya msomaji mgeni. "Amepanua sana," akasema.

Lori likaushika mlima. Ismaili akatoka gia ya tatu akaenda ya pili, na hapo ndipo injini ilipokohoa. Ikatoa moshi mweusi. Akaingia ya kwanza. Harufu ya petroli mbichi ikatufikia pale tulipokaa. Lori likasogea kwa mwendo ambao mtu mzee angeupita, likatetemeka, likazima. Utingo akaruka na gogo, lakini gurudumu lilikwisha kurudi nyuma, na upande wa nyuma ukaingia mtaroni taratibu. Hakuna aliyeumia. Mifuko ya saruji ilianguka ikapasuka, na abiria thelathini wakashuka weupe kama waliokwenda kuchimba chokaa.

Mwanamke mmoja wa mihogo akasema, "Dereva, kitabu kimekwisha kurasa?" Kumbe hata huko habari ya kitabu ilifika. Mwingine akamjibu, "Mwache, anatafuta miwani."

Ismaili alifungua boneti, akasimama anaitazama injini. Likwata aliteremka, akazunguka lori polepole, akapiga teke kila gurudumu, moja baada ya jingine. Akawaambia watu, "Matairi yako sawa. Upepo umejazwa vizuri." Kisha akapanda juu, akaketi tena pembeni yangu. Nimeishi miaka mingi, nimeona sherehe nyingi, na sijapata kufurahi kama saa ile.

Misheni ikampa kazi mtu mwingine. Tajiri akachukua lori lake, na kibao kikateremshwa. Mwezi haukwisha, Ismaili akaja Ndoro na kilemba kipya cheupe kimekunjwa juu ya sinia. Alikuja mchana, banda limejaa watu. Akaketi chini, kwenye mafuta, na nguo yake safi.

"Fundi, nimekosa."

Likwata aliendelea kuvuta kamba ndani ya manifodi.

"Nilikukana. Shetani alinipanda. Nimeleta haki yako mbele ya watu."

Mwahija alitoka uani aliposikia sauti ile. "Baba Pazi," akamwambia mumewe, "mtoto akinyea kiganja, kiganja hakikatwi."

"Huyu si mtoto wangu. Amesema mwenyewe, mimi nilikuwa najaza upepo."

Akakichukua kilemba. Ismaili akainua uso, na nadhani kwa kitambo alidhani amesamehewa. Likwata akakikunjua chote, akakipima kwa dhiraa kama mnunuzi, akakipasua katikati. Kwa kipande kimoja akafuta masizi kwenye chuma. "Kitambaa kizuri," akasema. "Kinanyonya."

Mwahija alirudi ndani. Watu walitazama chini. Ismaili hakuondoka.

"Nimeelewa, fundi. Basi nipe neno moja tu. Nilikosea wapi?"

"Mwulize karani. Yeye ndiye msomaji."

Ismaili akanigeukia. Aliniangalia muda mrefu, na niliona jambo likimfungukia taratibu: ghala, gunia alilokalia, kalamu niliyoiweka chini. Neno lenyewe lilikuwa ulimini mwangu, maneno yasiyozidi ishirini. Lingemrudishia mikono yake.

"Kile kitabu," nikamwambia, "kimeliwa na mchwa."

Kuna wanaosema tulizidisha. Mwahija alisema hivyo mpaka alipokufa, na kwa siku nyingi hakunitilia chai. Mimi sikubali. Aliyekula chungu chako akakukana mbele ya sinia la watu amekufukia ukiwa hai, na maiti hadaiwi upole. Lakini sitaficha sehemu ya pili. Likwata hakuchukua mwanafunzi mwingine. Walikuja wanne, mmoja kutoka Milola, wa ukoo wake mwenyewe, wakiwa na ufito mikononi, akawafukuza wote. Macho yake yalipoanza kuingia ukungu tupa zikashika kutu, na malori ya Kipatimu yakarudia kushusha watu. Siku hizi naona vijana wanafungua injini njiani, hawajui hata kupaka masizi. Neno la mwisho nimeliandika hapo juu, bure, bila kilemba, kwa ajili ya injini ambazo hazitengenezwi tena.

Mara ya mwisho kuwaona Likwata na Ismaili pamoja ilikuwa mwaka 1958. Nilikuwa natoka Kipatimu mazikoni, na lori letu likasimama katikati ya mlima kulipisha lingine linalopanda. Hilo lililokuwa linapanda lilikuwa limeshindwa, na dereva alikuwa ameshawaambia watu washuke. Likwata aliteremka mbele, akipapasa mlango, macho meupe. Alikuwa anakwenda kwa bintiye aliyeolewa huko. Kutoka nyuma aliteremka Ismaili, amebeba kapu la samaki wakavu wa kuuza.

Nilimsikia. "Shikamoo, fundi."

Likwata alijua sauti ile. Nilimwona akisimama. Kisha akatafuta ukingo wa njia kwa mguu, akaanza kupanda bila kuitikia. Ismaili alingoja mpaka kukawa na hatua kama kumi kati yao, akamfuata, na kila Likwata alipojikwaa naye alisimama, mkono mmoja mbele, asithubutu kumshika. Lori lao lilikuwa limeshawapita tupu. Dereva wetu akaachia breki, tukateremka mlima.