Mguu wa Mkwe Haupimwi

Hapa Khayega kuna watu wa kufuma na kuna watu wa kupanga kufuma. Jirani yangu Jescah Awinja, ambaye wengi tunamwita Mama Mitchel, ni wa kundi la pili, tena ni mwenyekiti wao. Nyuma ya kochi lake kuna gunia la mbolea lililojaa mipango: kofia ya mtoto ambaye siku hizi anacheza mpira shuleni, kitambaa cha meza kisichotosha hata kigoda, na mkono mmoja wa sweta ambayo mwenyewe hajulikani. Kila Alhamisi akina mama wa kanisa letu wanapokutana kufuma, yeye huja na mpango mpya na rangi mpya, na huueleza vizuri mpaka chai inapoa. Tulimpa jina Waziri wa Mipango. Hakasiriki. Anasema hata serikali ndivyo inavyofanya kazi.

Kwa hiyo mwaka huu alipotangaza kwamba atafuma soksi, hakuna aliyeinua kichwa. Soksi si mchezo. Shali unaweza kuifuma huku unasengenya watu, lakini soksi ina kisigino, na kisigino kinataka akili.

"Soksi za nani?" nikamuuliza.

Akauinamia uzi wake. "Za Willis."

Sindano zote zikasimama.

Willis ndiye aliyemwoa Mitchel, binti wa pekee wa Jescah. Ni dereva wa trekta la kubebea miwa kule Musanda. Siku alipokuja kujitambulisha kwa wakwe, alivaa suruali iliyoishia juu ya kifundo cha mguu na viatu vya kung'aa bila soksi. Kwa vijana huo ndio mtindo, na Mitchel mwenyewe ndiye aliyemchagulia nguo. Kwetu sisi wanawake wa jikoni, huyo alikuwa mtu aliyesahau kumaliza kuvaa.

Sasa, kwa desturi yetu, mama mkwe na mkwe wake hawatazamani, hawapeani mkono, hawakai chumba kimoja. Mmoja akipita huku, mwingine apite kule. Jescah aliifuata desturi hiyo barabara. Hakumtazama Willis usoni hata mara moja. Alimtazama miguuni.

"Mtu hana hata soksi," alituambia akisonga obusuma, ugali wetu, kwa ile sauti yake ya kuitia ng'ombe, "na ndiye atamvalisha msichana wangu?"

Tulicheka sana. Willis alikuwa upande wa pili wa dirisha, ananawishwa mikono.

Ulimi hauna mfupa. Kijana alikula, akashukuru, akaondoka, na tangu siku hiyo hakulikanyaga tena boma lile. Ng'ombe wa mahari waliletwa na baba zake wadogo. Akimleta mkewe kusalimia wazazi, pikipiki ilikuwa inageuzwa langoni. Kisha Mitchel akajifungua msichana, wakamwita Shantel, na hapo mambo yakawa magumu. Jescah hawezi kwenda Musanda, kwani mama mkwe ataanzaje kulala kwa mkwe? Naye Onesmus, mumewe, ni mtu wa maneno machache na yote mazito. Alisema mjukuu wake wa kwanza hataachwa langoni kama kifurushi. Ataletwa na baba yake na kuingia kwa mlango, au wote wangoje.

Basi wakangoja. Mtoto akaanza kucheka, akaota jino, na nyanya yake akayaona yote hayo kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Alikuwa akiibusu ile simu. Nilimwona, na iliniuma.

"Mwambie mzee akuombee msamaha," nilimshauri.

"Amesema mdomo wenye ulitukana ujitafutie njia. Na mimi siongeangi na Willis, unajua." Akafuta kioo cha simu kwa leso. "Mkono mtupu haulambwi, Mama Bravin. Nitafuma."

Sindano fupi za soksi hazikupatikana sokoni, kwa hiyo alijitengenezea kwa spoki za baiskeli, akazinoa kwenye jiwe la kunolea panga. Mwalimu wake alikuwa mwanamke mmoja wa kwenye simu, sijui wa nchi gani, mwenye mikono isiyowahi kupalilia hata mchicha. Huyo mama alifuma taratibu, akieleza kwa Kiingereza ambacho Jescah alikielewa nusu, na kila alipokaribia kisigino, bando liliisha. Jescah akaanza kuamini kwamba kisigino kinauzwa kando. Soksi ya kwanza ilitoka na visigino viwili. Ya pili haikuwa na kisigino kabisa, ilikuwa bomba tu, tukaivalisha chupa ya chai. Alifumua, akafuma, akafumua tena. Lakini hakuja na mpango mwingine, Alhamisi hata moja, na hapo ndipo nilipopunguza kumcheka.

Kikabaki kipimo.

"Si umpigie Mitchel simu, umuulize saizi?"

Alinitazama kana kwamba nimemwambia avue nguo sokoni. "Mimi, niulizie mguu wa mkwe? Na uso gani?"

Nilimkumbusha kwamba mguu huohuo aliwahi kuujadili mbele ya jiko zima. Hakupenda kukumbushwa.

Bahati nzuri mvua ya Kakamega haina adabu, hunyesha bila kuangalia nani ana mgeni. Jumamosi moja Willis alimletea Onesmus mzigo wa miwa, wakasimama langoni wakizungumza huku manyunyu yakiwaangukia. Jescah alijifungia ndani, mapazia yameshushwa kama inavyotakiwa. Pikipiki ilipoondoka, alitoka mbio na uzi mkononi. Kwenye tope kulikuwa na nyayo za namna mbili, kubwa na ndogo. Akapima kubwa.

"Una hakika ni zake?" nikauliza juu ya ua.

"Mtu wa trekta atakuwanga na mguu mdogo kweli?" Akakata uzi, akafunga fundo, akauhifadhi ndani ya Biblia.

Akafuma, akamaliza. Nasema tena kwa sababu hata sasa siamini: Jescah Awinja alimaliza kitu. Zilikuwa soksi za bluu ya sare ya shule, kwa kuwa huo ndio uzi uliokuwa wa kutosha, na kila moja ilikuwa na kisigino kimoja. Tulizipitisha mkono kwa mkono tukapiga vigelegele. Zilikuwa ndefu, ndiyo, mama mchungaji alipoingiza mkono wake zilimfika begani, lakini ni nani kati yetu aliyeijua miguu ya watu wa Musanda? Tukazifunga kwenye karatasi, akapewa mtu wa boda aliyekuwa akielekea upande huo.

Siku chache baadaye, Onesmus alifungua Biblia asome, uzi ukamwangukia mapajani.

"Huu ni wa nini?"

Jescah akamweleza kwa fahari. Mzee aliinuka. Alitoka nje, akarudi na gambuti lake moja, akaunyoosha uzi kwenye soli. Fundo likakaa sawasawa na kisigino. Gambuti hizo aliziokota mitumba, kubwa kuliko mguu wake, naye huzijaza magazeti ili zisimvuke. Kwa hiyo mke wake alikuwa amemfumia mkwe soksi za kutosha mguu na magazeti yake.

"Miaka yote hii," Onesmus alisema, "na hujui kiatu changu?"

Jescah alikuja kwangu analia. "Atasema nimemtukana tena! Kwanza nilisema hana soksi, sasa nimempelekea za ndovu. Huyo mtoto sitamshika, Mama Bravin. Sitamshika mpaka aolewe."

Nilikuwa nimeshaanza kucheka kabla sijaona uso wake. Nikaacha, nikaona haya. Kutoka Musanda hakukuja neno ila ujumbe mfupi wa Mitchel: zimefika.

"Zimefika tu?" Jescah alinisomea mara kwa mara, kama vile siku moja neno la pili lingejitokeza. "Hiyo ni salamu ya watu wamekasirika."

Jumapili moja baada ya ibada tulikuwa jikoni kwake tukichambua mboga. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Pikipiki ikafika langoni, na haikugeuka. Iliingia. Jescah aliruka nyuma ya mlango akaukabili ukuta.

"Angalia wewe," akaninong'oneza. "Wewe si mama mkwe wake."

Nikachungulia. Mitchel alishuka na mtoto mgongoni. Willis akafika barazani, na kwa vile viatu vyake vilikuwa vimejaa tope, akavivua. Nikajishika mdomo.

"Amevaa?"

"Amevaa."

"Zimemkaa aje?"

Ningeweza kudanganya, lakini yule ni jirani yangu. "Kisigino kiko kwenye shavu la mguu. Huku mbele anaziburura."

"Uuwi, Mungu wangu."

"Lakini hacheki. Anaingia kwa mzee nazo hivyo hivyo, akitembea wima kama bwana harusi."

Tukasikia sauti ya Onesmus ikisema ingokho, kuku wa mgeni, ikamatwe. Kisha Mitchel akaingia jikoni, mtoto sasa yuko mkononi, na kwapani ana kipande cha katoni.

"Mama, Willis amesema hizo atavaa tu. Lakini anataka zingine, na safari hii ufuate hii."

Juu ya katoni, kwa kalamu, palichorwa mguu mzima, na vidole vyake vyote. Mkwe alikuwa ameikanyaga katoni na kuuzungushia mguu wake mstari.

Jescah aligeuza uso haraka. "Mama Bravin, picha ya mguu pia ni mwiko?"

"Wazee hawakusema chochote kuhusu katoni," nikamwambia.

Akampokea mtoto kwanza. Akamnusa utosini, akamkumbatia kwa nguvu mpaka Shantel akalalamika. Ndipo akatazama katoni niliyomshikia. Alinyoosha kidole, akaufuata ule mstari wa kalamu polepole kutoka kisiginoni hadi kidole gumba.

"Kumbe ni mguu mdogo hivi," alisema. "Mtoto wa watu."

Akaanza kulia, mjukuu akamkodolea macho, na mimi nikatoka kwenda kumkamata kuku, maana hakukuwa na mwingine wa kumtuma.