Mstari wa Maoni ya Mtoto

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya watoto pale Thika, miaka ya tisini ikiwa bado michanga, nilivaa tai. Haikunifaa kitu. Kabla ya saa nne nilikuwa nimeshatumwa kwa miguu hadi mitaa ya wafanyakazi wa viwandani, na jua la Januari halimheshimu mtu kwa sababu ya tai.

Kazi yetu ilikuwa kumwandikia hakimu ripoti ya jamii. Hizo zilikuwa kurasa mbili za kueleza mtoto ni wa nani, anaishi vipi, na ni nani anayefaa kukabidhiwa amlee ikiwa wazazi hawapo. Mkuu wangu, afisa wa watoto wa wilaya, tulimwita Madam tu. Alikuwa mama mnene, mchapakazi, asiyependa maneno mengi.

"Anza na chifu," aliniambia asubuhi ile. "Halafu mwalimu, halafu majirani watatu, halafu jamaa. Usiniletee porojo, kijana. Hakimu hana siku nzima."

"Na mtoto, Madam?"

"Mtoto si utampata hapo hapo kwa jamaa?"

Chini kabisa ya fomu kulikuwa na mstari mmoja ulioandikwa "Maoni ya mtoto". Wenzangu waliotangulia walinifundisha kuujaza kwa neno moja: Anaafiki. Tulimwuliza mtoto mbele ya watu wazima wote waliokuwepo, akitikisa kichwa kukubali tunaandika. Asipotikisa pia tunaandika. Mimi nilikuwa na mwandiko mzuri, na nilijisifu kwa ripoti safi zisizo na mkwaruzo. Nawaambia haya bila kujificha, ninyi mnaoingia kazini leo, kwa sababu sikuwa mtu mbaya. Nilikuwa mtu aliyefundishwa vibaya na hakushtuka.

Baada ya miaka mitatu nilihamishiwa Ruiru. Ofisi yangu ilikuwa nusu ya chumba. Nusu ya pili ilikuwa ya afisa wa kilimo na magunia yake ya mbegu. Hapo ndipo faili la Nafula lilipofika mezani.

Nafula alikuwa na miaka kumi, na mdogo wake Wekesa alikuwa na sita. Baba yao aliondoka zamani, akawaacha na mama katika chumba cha kupanga kule Kiuu. Mama akaugua, akafa. Waliobaki ni baba mkubwa wao, bawabu wa shamba moja Ngoliba, na mama mdogo wao, aliyeuza sukumawiki sokoni Githurai 45. Jamaa walikaa kikao, wakagawana mzigo: Nafula aende Ngoliba, Wekesa aende Githurai. Kila nyumba ichukue mtoto mmoja. Nilihudhuria kikao hicho, na niliona ni uamuzi wa watu waungwana.

"Wewe Nafula, umekubali?" nilimwuliza, baba mkubwa wake akiwa ameketi kiti cha pembeni yake.

Akatikisa kichwa. Nikaandika. Madam, aliyebaki mkuu wangu kule Thika, akatia sahihi na mhuri, na ripoti ikaenda kortini.

Siku nne kabla ya kesi nilirudi Kiuu kutafuta kadi ya kliniki ya Wekesa, maana ilikosekana kwenye faili. Nilimkuta Nafula mlangoni akichambua maharagwe, jirani aliyekuwa akiwaangalia ameenda dukani. Kwa kuwa ningemngoja jirani huyo, nilivuta kigoda nikaanza kuchambua naye. Kisha akauliza, bila kuniangalia:

"Nani atakuwa anamwambia Wekesa kitu ni moto?"

"Si mama mdogo wenu atamwambia?"

"Hasikii."

Nilidhani anasema mtoto ni mkaidi, kama jamaa walivyosema kikaoni. Akaniita nitazame. Wekesa alikuwa anacheza na vifuniko vya chupa kando ya jiko, ametupa mgongo. Nafula akamwita kwa sauti kubwa mara tatu, hakugeuka. Akaenda akampulizia kiganjani, na yule mtoto akaruka nyuma kutoka kwenye jiko. Akamgusa bega mara mbili. Wekesa akakimbilia sahani. Walikuwa na ishara nyingi, walizozibuni na mama yao, ambaye aliwaficha watu uziwi wa mtoto kwa kuogopa kusemwa.

"Mbona hukusema siku ile?"

"Si baba mkubwa alikuwa amekaa hapo? Ningesema aje?"

Niliona aibu, aibu ya kweli, ya kufanya mtu atake kuondoka bila kuaga.

Kesho yake nilikuwa Thika mbele ya Madam, nikiomba turudishe ripoti.

"Sasa unataka niende nimwambie hakimu ati ofisi yangu imeandika uongo?"

"Si uongo hasa, Madam. Ni..."

"Ni nini basi?"

"Ni uongo, Madam."

Nikawa nahesabu kazi yangu imekwisha. Kisha Madam akatoa fomu mpya kwenye droo.

"Kaa hapo uandike. Na huo mstari wa chini, anza nao."

Hakimu alimsikiliza Nafula ofisini mwake, si mbele ya watu. Mtoto alisema anachotaka: wabaki wawili katika kile chumba cha Kiuu, yeye ampikie mdogo wake. Hakimu akamweleza polepole kwa nini hilo haliwezekani kwa mtoto wa miaka kumi, kisha akaamuru waende wote wawili kwa mama mdogo, nami niwatembelee kila mwezi. Nafula alilia, lakini alielewa. Baba mkubwa alinuna. "Mtoto mdogo hivi anajua nini?" aliniuliza mlangoni.

Nimestaafu sasa. Wanafunzi wa kazi hii wakinitembelea hupenda kesi hiyo, na husema nilishinda. Huwa nawaambia wangoje nimalize.

Tulipotoka, Nafula alimkalisha Wekesa kwenye benchi la korido amweleze wanakohamia. Mikono yake ilikwenda mbio. Mimi nilisimama nimefurahi, nikijiona afisa kweli kweli, ndipo nikatambua kwamba katika kesi hii ya watoto wawili nilikuwa nimemwuliza mmoja tu.

"Mwulize na yeye anasema nini," nilimwomba.

Akamwuliza. Wekesa aliweka kiganja shavuni, akaonyesha mlango, akafungua mikono yote miwili.

"Anasema nini?"

"Anauliza mama akirudi Kiuu atatupata aje, kama tumehama."

Yule mtoto alikuwa amepelekwa mazishini, akasimama kando ya kaburi na watu wazima wote, na hakuna aliyemwambia kwamba mama amekufa.

"Nilishindwa," Nafula alisema. "Sikujua ishara yake ni gani."

Nikakaa chini kando yao. Tukaanza kumwambia, mimi na dada yake, na tulichelewa sana kutoka kortini siku hiyo.